Nina shahada ya uhandisi wa programu, kaka ananiita dukani

Shikamoo dada,

Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Singida. Nilihitimu shahada ya uhandisi wa programu Dodoma mwaka juzi, daraja la pili la juu, na sasa nakaa kwa mama mdogo Mbagala, Dar es Salaam. Nakuandikia kwa sababu nyumbani wanasubiri niseme neno, na neno lenyewe sina.

Baba ni mkulima wa alizeti. Nilipochaguliwa kozi hii, kila aliyekutana naye gulioni aliambiwa, "Binti yangu anasomea kompyuta, huyo hatakosa kazi." Tuliamini sote. Walimu walisema hivyo, na kaka na dada waliotutangulia chuoni walikuwa wanapata kazi kabla ya mahafali. Wengine walifanyia kazi kampuni za Ulaya wakiwa vyumbani kwao.

Mimi nimetoka na nimekuta mambo mengine. Maombi nimetuma mpaka nimeacha kuhesabu. Matangazo yanataka uzoefu wa miaka mitatu, sasa huo nitaupata wapi kama hakuna anayenipa hata wa mwaka mmoja? Usaili wa serikalini nimeufanya, ukumbi umejaa pomoni kwa nafasi chache. Kwa sasa najitolea kwenye kampuni ndogo Kinondoni inayotengeneza tovuti na mifumo ya shule. Ni karibu mwaka, wananipa nauli na chakula cha mchana. Nikiulizia mkataba, bosi ananiambia nivumilie, mradi mkubwa uko njiani.

Kilichonivunja moyo kabisa ni usaili mmoja wa hivi karibuni. Kampuni inayoshughulika na malipo ilinipa jaribio la kufanyia nyumbani: nitengeneze mfumo mdogo unaopokea malipo ya simu na kutoa stakabadhi. Niliufanya kwa kusaidiwa na akili mnemba, kama kila mtu siku hizi, na ukafanya kazi vizuri. Wakanipigia kwa video. Wakauliza, "Taarifa hii ya malipo ikija mara mbili, mfumo wako utafanya nini?" Nikakwama. Wakauliza kwa nini kiasi cha fedha nimekihifadhi kama namba ya desimali. Nikakwama tena. Hawakunitafuta tena.

Tangu siku ile najiuliza: kama mashine inaandika kwa dakika moja nilichosomea miaka minne, na mzoefu mmoja akiwa nayo anamaliza kazi za watu kadhaa, mimi nahitajika wa nini?

Kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Singida mjini, na anafungua la pili Manyoni. Anataka nikalisimamie. Anasema, "Kompyuta umeipa nafasi yake, sasa njoo tufanye biashara." Mama anamuunga mkono. Baba amenyamaza.

Juu ya hayo, mdogo wetu wa kiume yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na anaitaka kozi ileile. Baba kaniambia, "Wewe ndiye uliyepita njia hiyo, useme wewe." Dada, nisemeje? Hii fani bado ina maisha kwa mhitimu? Niende Manyoni? Na kuna kozi ya mtandaoni ya shilingi milioni mbili na laki mbili, wanaahidi kazi ya nje ukimaliza. Mama mdogo yuko tayari kunikopea kwenye kikoba chake. Niambie ukweli hata kama utaniuma.

Mhitimu, Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu.

Umeomba ukweli, basi nianze nao. Fani ina maisha. Ila kazi uliyoahidiwa ukiwa mwaka wa kwanza imepungua sana, na sioni dalili kwamba itarudi kama ilivyokuwa. Zamani mtu alitoka chuo akijua kuandika programu na hakuna zaidi, akapata pa kuanzia. Mtu huyohuyo leo anahangaika Dar es Salaam, anahangaika Nairobi, na hata California anahangaika. Kwa hiyo kwanza ondoa wazo kwamba wewe ni mzembe au huna bahati.

Kuhusu kilichotokea, watu wengi wanaitupia akili mnemba lawama zote, lakini tarehe hazikubaliani nao. Meta, wenye Facebook, ilipunguza watu 11,000 mwanzoni mwa Novemba 2022. ChatGPT ilitolewa tarehe 30 mwezi huohuo, watu wakiwa wameshaondoka. Januari 2023 Google ikatangaza kupunguza 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Kampuni hizi ziliajiri kwa pupa wakati wa korona, dunia nzima ikiwa imejifungia na mtandao wake, na mikopo ikiwa rahisi. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, kutoka karibu na sifuri mpaka kupita asilimia 5 katikati ya 2023. Fedha za kukuzia kampuni zikakauka. Fedha zikikauka, mtu wa kwanza kukosa nafasi ni yule ambaye bado hajaingia.

Akili mnemba ikaja kukaza palipokwisha kubanwa. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mishahara ya Marekani. Ajira za watengeneza programu wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimeshuka kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele cha mwishoni mwa 2022. Wenzao wenye umri mkubwa, katika kazi ileile, hawakushuka hivyo. Ukitazama utabiri wa ajira wa serikali ya Marekani kwa 2023 hadi 2033 utaona jambo linaloshangaza mwanzoni. Kundi la watengeneza programu na wanaozijaribu lilitabiriwa kukua kwa asilimia 17. Kundi jingine, la wale wanaoandika msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa kufuata mpango uliokwishachorwa na mtu mwingine, lilitabiriwa kupungua kwa asilimia 10. Hayo ni makundi mawili ndani ya fani moja. Kazi inayokufa ni ya kuandika ulichoambiwa. Ya kuamua nini kiandikwe, na kukibeba kikishaanza kutumika, inaendelea.

Sasa utaniuliza, Marekani na Mbagala wapi na wapi? Zinakutana kwenye hiyo kozi yako ya milioni mbili. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014, kisha ikaja Nairobi na Kampala. Ilichukua vijana wenye vipaji wasio na uzoefu, ikawafunza, ikawaunganisha na kampuni za nje. Ilikuwa na wateja, ilikuwa na mtaji, na ilisifiwa dunia nzima. Septemba 2019 iliwaachisha kazi vijana wapatao 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda, ikaeleza kwamba wateja wanataka wazoefu na vijana wanaoanza hawana soko. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya ChatGPT. Kozi inayokuahidi kazi ya nje ukimaliza inakuuzia kitu ambacho kampuni kubwa vile, yenye wateja mkononi, ilishindwa kukiendeleza. Usilipe. Na fedha ya kikoba usiiguse kabisa, maana ile ni jasho la kina mama, na mama mdogo ndiye atakayesimama mbele yao siku ya marejesho.

Za nje zipo, na Watanzania wanazifanya. Lakini karibu wote ninaowaona wamezipata baada ya kubeba mfumo fulani hapa nyumbani kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo tuzungumze ya nyumbani.

Nadhani wewe na wenzako mnapishana na kazi kwa sababu mnaitafuta kwa jina moja tu. Tangazo lenye maneno "mhandisi wa programu" ni adimu, na likitoka linagombewa na kila mtu. Tazama nchi inavyoendeshwa sasa. Tangu 2017 malipo ya serikali yanapita kwenye mfumo wa GePG, kila ankara na namba yake ya malipo. Manunuzi ya umma yamehamia NeST tangu 2023, mfumo uliojengwa na wataalamu wa hapahapa. Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha mabenki na kampuni za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili na ijipange kuzilinda: hospitali, shule, wakopeshaji, hata Saccos. Kila moja ya hizo inahitaji mtu wa kuunganisha mfumo wake na mifumo ya wengine, kupatanisha hesabu kila jioni, kurekebisha ripoti isiyolingana, na kupokea simu saa nne usiku mashine ya mapokezi ikigoma. Kazi hizo zinatangazwa kama Ofisa TEHAMA, kama usaidizi wa mifumo, kama msimamizi wa hifadhidata, kama mchambuzi wa takwimu za afya. Mshahara wa kuanzia ni wa kawaida. Ukiwa ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo nayo itachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hivyo usipige hesabu kwa namba ya kwenye barua ya ajira. Lakini humo ndimo uzoefu wa miaka mitatu unamopatikana.

Mfano mmoja wa afya, kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi ya mifumo miaka mingi. Takwimu za vituo vya afya nchini zinakusanywa kwenye DHIS2, mfumo uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika nchi nyingi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaoufanyia kazi kwa muda mrefu. Ni wa bure, kila mtu anaweza kuupakua na kujifunza. Miradi ya afya huwatafuta watu wanaoujua. Katika vijana niliowasaili, wanaojua lugha tano za programu walikuwa wengi. Aliyewahi kukaa na muuguzi akaona daftari la kliniki linavyojazwa, kisha akaelewa kwa nini takwimu za mwisho wa mwezi hazilingani, huyo nilikuwa naambiwa na wenzangu nimchukue kabla hajatoka mlangoni.

Nirudi kwenye ule usaili, maana hapo ndipo barua yako iliponigusa zaidi.

Maswali mawili waliyokuuliza hayakuwa mtego. Ndiyo kazi yenyewe. Mteja analipa kwa simu, kampuni ya simu inapeleka taarifa kwenye seva yako, yaani kompyuta inayoendesha mfumo wako. Mtandao ukiyumba, seva ikachelewa kujibu, wao hawajui kama umeipata, basi wanaituma tena. Mfumo usiokumbuka utaandika mara mbili, na aliyelipa 50,000 ataonekana kalipa 100,000. Mwisho wa mwezi mhasibu anatafuta fedha ambayo haijawahi kuwepo. Dawa yake ni kwamba kila muamala una namba yake ya kipekee, na hifadhidata yenyewe inaamriwa ikatae namba iliyokwisha kuandikwa. Nasema hifadhidata yenyewe, kwa sababu ukiiachia programu iangalie kwanza kisha iandike, taarifa mbili zinaweza kuingia kwa wakati mmoja, kila moja ikakuta bado hakuna kitu, na zote zikaandikwa.

La desimali nalo ni hivyohivyo. Kompyuta haiwezi kuibeba sehemu moja ya kumi (0.1) kwa ukamilifu katika namba zake za desimali za kawaida. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye JavaScript au Python uone: utapata 0.30000000000000004. Kwenye muamala mmoja huoni kitu. Kwenye miamala laki moja, vitabu havifungi. Fedha huhifadhiwa kwa namba kamili, au kwa aina ya namba iliyowekwa na hifadhidata kwa ajili ya hesabu za fedha.

Mashine ingekujibu maswali yote mawili vizuri kama ungeiuliza. Hukuiuliza kwa sababu hukujua kwamba kuna swali. Hilo ndilo jibu la "nahitajika wa nini". Unahitajika kujua kuna swali. Mzoefu ana thamani leo kwa kuwa amewahi kuona vitabu visivyofunga, kwa hiyo akisoma kazi ya mashine jicho linakwenda moja kwa moja palipo na hatari. Wewe jicho hilo huna bado, na njia uliyokuwa unaitumia, ya kuomba mashine iandike kisha ukapeleka, haiwezi kukupa. Inakupa kazi iliyokwisha bila kukuachia ujuzi. Hapa siwezi kukulainishia, kwa sababu naona vijana wengi wanaharibikiwa hapohapo, tena wenye akili nzuri.

Fanya hivi. Rudia jaribio lile lote kutoka mwanzo, kwa mikono yako, mashine ikiwa imefungwa. Litakuwa baya na litachukua muda, liache liwe hivyo. M-Pesa ina jukwaa la wazi la majaribio kwa watengeneza programu, litumie. Mfumo ukisimama, uvunje mwenyewe. Kata intaneti katikati ya malipo. Tuma taarifa ileile mara mbili, kisha zitume mbili kwa pamoja. Zima seva ghafla, iwashe, uone kilichopotea. Jaribu kulinganisha orodha ya malipo yako na taarifa ya akaunti ya mwisho wa siku, mstari kwa mstari. Baada ya hapo ndipo uifungue akili mnemba, na uiambie ifanye kazi ya msaili: ikuulize, ikupinge, ikutafutie mahali ulipokosea. Usikubali mstari wowote ubaki kwenye kazi yako ambao huwezi kumweleza mtu kwa mdomo.

Kisha andika kurasa mbili kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi: mfumo unafanya nini, ulivunjika wapi, uliurekebisha vipi. Halafu waandikie walewale wa malipo. Waambie, "Mliniuliza maswali mawili nikashindwa. Nimejifunza, na haya ndiyo majibu yangu." Ambatanisha zile kurasa mbili. Huenda nafasi imeshajazwa. Lakini mimi, kwa miaka yote niliyokaa upande wa kusaili, barua ya namna hiyo singeitupa, na najua wenzangu wengi wasingeitupa pia.

Kampuni ya Kinondoni iache. Karibu mwaka mzima kwa nauli na wali maharage hakuitwi kujitolea tena. Wanatumia kazi yako bure, na bosi anayelipwa na shule kwa mifumo unayoitengeneza wewe ana fedha ya kukulipa hata kidogo. Nenda kwa adabu, omba barua inayotaja kazi ulizofanya kwa majina yake, na uombe ruhusa ya kuzieleza kwenye usaili. Kama unataka mafunzo kazini yenye utaratibu, serikali ina programu ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu inayoratibiwa na TaESA, huduma ya ajira ya serikali, jisajili. Huko angalau kuna muda maalumu, na mwisho wake unajulikana.

Sasa Manyoni. Najua ulitegemea mtu wa fani yangu akuambie usiende. Mimi nasema nenda, lakini uende kama mfanyakazi mwenye masharti, usiende kama mtu aliyeshindwa. Kati ya kufanya kazi bure Kinondoni na kufanya kazi kwa mshahara Manyoni, ya pili inakupa chakula, inakupunguzia kumlemea mama mdogo, na inakupa kitu ambacho kampuni ya tovuti haikukupa: biashara halisi unayoiona kuanzia gari linaposhusha mzigo mpaka risiti ya EFD inapotoka.

Duka la vifaa vya ujenzi lina ugumu ambao wasomi wengi wa kompyuta hawaujui. Nondo zinanunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Misumari inaingia kwa boksi, inatoka kwa kilo, na wakati mwingine kwa nusu kilo. Bati la geji moja linachanganywa na la geji nyingine. Fundi anachukua saruji kwa mkopo kwa jina la bosi wake, bosi anakataa deni. Bei ya simenti inabadilika kabla mzigo wa zamani haujaisha, sasa faida unaihesabu kwa bei ipi? Jenga mfumo wa stoo ya kaka yako unaoyajua hayo yote, utumike kila siku na muuzaji ambaye hajasoma kompyuta, maduka yote mawili, hata umeme ukikatika. Mwaka mmoja wa mfumo kama huo, wenye watumiaji na makosa uliyoyasahihisha, mimi ningeuhesabu kuwa uzoefu. Usidanganyike tu kwamba utauuza kwa kila duka la mkoa. Mifumo ya maduka sokoni imejaa, na wenye maduka wengi hawapendi kulipa ada ya kila mwezi. Faida yako ya kwanza ni ujuzi na ushahidi.

Pia Singida ni yenu, na alizeti ndiyo uchumi wake. Wenye mashine za kukamua wana mizani, wana wakulima wanaoleta mbegu kwa awamu, wana madeni ya mafuta na mashudu. Baba anawafahamu wengi kuliko mtu yeyote utakayekutana naye Dar es Salaam. Muombe akupeleke kwa mmoja, ukakae siku nzima uangalie wanavyoandika, bila kutaja kompyuta.

Lakini duka la ndugu halina saa ya kufunga, na binti asiyeolewa kwenye duka la kaka yake anaweza kugeuzwa msaidizi wa kila kitu, mpaka wa kupika na kulea. Hilo nalisema kwa uzito. Kabla hujapanda basi, mkae wewe na kaka, baba akiwepo, na mkubaliane kwa maandishi: mshahara kiasi gani na siku gani ya mwezi, siku gani mbili za juma ni zako za kusoma na kufanya usaili, mfumo utakaoujenga ni mali ya nani, na muda ni mwaka mmoja kisha mnakaa tena. Kaka akisema kati ya ndugu hakuna haja ya karatasi, mjibu kwa upole kwamba ni kwa sababu ya undugu ndiyo maana unaitaka. Akikataa kabisa, usiende. Baki Dar es Salaam, tafuta kazi yoyote inayolipa, hata ya kuhudumia wateja kwenye kampuni ya mtandao wa simu, na jioni uendelee na ule mpango wa kurudia jaribio.

Mdogo wenu. Baba amekupa mzigo mkubwa kidogo, kwa sababu kijana atakayeingia chuo sasa atahitimu miaka minne ijayo, na anayejua soko la wakati huo litakavyokuwa hayupo. Kwa hiyo usimpimie kwa mwaka wako mbaya. Mpime yeye. Akishamaliza mitihani ya Mei, na kama ataitwa JKT basi akirudi, mpe kompyuta yako na kazi moja: atengeneze daftari la hesabu za duka la kaka, kuweka na kutoa, bila kusaidiwa na mashine. Akikwama siku tatu kwenye kosa moja na bado anarudi kulitafuta, huyo ana moyo wa kazi hii. Akitafuta mtu wa kumfanyia, tatizo haliko kwenye soko.

Na akiwa na moyo huo, mshauri asijifungie kwenye programu peke yake. PCM inamfungulia uhandisi wa umeme, wa mawasiliano, wa elektroniki, inamfungulia takwimu. Mtu anayejua jambo jingine la dunia kwa undani na akajua programu juu yake, ndiye ninayemwona akipata kazi mapema kuliko wenzake hivi sasa. Ningekuwa mimi, ningeweka moja ya hizo chaguo la kwanza, uhandisi wa programu la pili. Baba asiuze shamba kwa ajili ya ada. Kijana ajaze maombi ya Bodi ya Mikopo dirisha likifunguliwa, vyeti vikiwa vimehakikiwa mapema, maana kila mwaka kuna watoto wanaokosa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa kilichochelewa RITA. Hilo la cheti anaweza kuanza nalo wiki hii.